Kabla dari haijafungwa: kupanga taa za kuzama nyumbani

Niliitwa kwenye nyumba moja Tabata baada ya ukarabati kwisha. Dari mpya ya jipsamu, rangi safi, na sebuleni taa kumi na mbili za kuzama zimepangwa kama mashimo ya bao. Mama mwenye nyumba aliipenda dari yake. Kilichomsumbua ni kwamba kila jioni wakiwasha pangaboi mwanga unapepesa, na mwanawe wa darasa la saba ameacha kusomea sebuleni kwa sababu macho yanamuuma. Nilikaa kwenye kochi, nikafungua daftari la mtoto magotini. Kivuli cha panga kilipita juu ya mistari, kikapita tena, na tena. Taa nne zilikuwa zimetobolewa juu kabisa ya njia ya mapanga.

Waya zilikuwa sawa na breka ilikuwa sawa. Kilichokosekana ni nusu saa ya kuchora kabla fundi jipsamu hajapanda ngazi. Kutoboa tundu jipya ni kazi ya dakika chache, lakini kuziba la zamani, kulipiga skimu na kupaka rangi dari nzima ili kiraka kisionekane ni gharama nyingine.

Kwa hiyo, kwa nyumba za Dar es Salaam, nawashauri wenye nyumba waanze na feni ndipo waje kwenye taa. Pangaboi la inchi 56 linafagia duara lenye upana wa mita 1.4 hivi, nalo linaning'inia chini ya dari. Taa ikae angalau mita 1.2 kutoka katikati ya feni. Zile taa bapa zinazotawanya mwanga kwa upana zisogezwe mbali zaidi kidogo.

Baada ya hapo ndipo idadi. Hapa watu hukisia, na mara nyingi hukisia nyingi mno. Chukua sebule ya mita 4 kwa 5, yaani mita 20 za mraba. Sebule ya kukaa na kuzungumza inatosheka na luksi 150 hivi, yaani lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 150 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo unahitaji lumeni 3,000 zifike chini. Sehemu ya mwanga humezwa na kuta, mapazia na vumbi, basi gawanya kwa 0.6, unapata lumeni 5,000. Taa ya LED ya wati 7 hutoa karibu lumeni 600, nawe soma kwenye boksi lake. Jibu ni taa nane au tisa. Nachukua nane: safu mbili za taa nne, kila safu sentimeta 80 kutoka ukutani, na kati ya taa na taa mita 1.25. Feni inabaki katikati bila kuguswa, na kuta zinapata mwanga, jambo linalofanya chumba kionekane kikubwa.

Taa hizo nane zikiwaka saa tano kwa siku hula uniti 0.28 tu. Zile za zamani za halojeni za wati 50, ambazo bado nazikuta kwenye nyumba za miaka ya nyuma, zingekula uniti 2 kwa saa hizo hizo. Ukikarabati, zing'oe zote. Mbali na LUKU, joto lake juu ya dari ni hatari.

Jikoni ndiko ninakosikitikia zaidi. Mafundi wengi hutoboa safu moja katikati ya dari, pale mtu anaposimama. Mpishi akiligeukia meza la kukatia, taa inabaki mgongoni mwake, naye anakata mchicha kwenye kivuli chake mwenyewe, kisu kikiwa karibu na vidole. Sogeza taa hadi sentimeta 55 au 60 kutoka ukutani, juu ya ukingo wa meza, mwanga umwangukie mbele. Kama kuna kabati za juu, weka ukanda wa LED chini yake. Meza la kazi lipate luksi 300 au zaidi. Hapo usibane matumizi.

Vyumbani taa chache zinatosha, na isiwepo juu ya mto. Mtu akilala chali isimpige machoni.

Sasa juu ya dari, sehemu isiyoonekana, ambayo ndiyo inayoamua taa itaishi miaka mingapi. Chini ya bati, mchana wa Januari na Februari, hewa inachemka. Draiva ya LED, kile kiboksi kinachoibadilishia taa umeme, ina vidonge vidogo vya kuhifadhi chaji, na kanuni ya mafundi wa elektroniki ni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10, maisha ya vidonge hivyo hupungua kwa nusu. Usiifunike draiva, usiibananishe na mbao, na acha hewa ipite kwenye dari. Wa Kigamboni, Msasani na Kunduchi wana jambo la ziada: upepo wa bahari hula chuma. Chagua mwili wa alumini, na kabla ya kulipa angalia springi zinazoshika dari, kwa maana zikila kutu taa huning'inia kwa waya. Bafuni taa iwe ya IP44 au zaidi (alama ya kinga dhidi ya vumbi na maji), na juu ya bomba la mvua IP65.

Waya wa taa uwe wa milimita za mraba 1.5, kwenye breka yake ya ampea 6 au 10, na waya wa ardhi ufike kila taa ya chuma inayouhitaji. Maungio yawe ndani ya boksi, kwa konekta. Tepu peke yake kwenye joto lile hulegea gundi, na panya humalizia kazi. Ikiwa bati linavuja, lizibwe kabla ya masika, maana maji hufuata waya hadi kwenye taa. Muombe fundi wako leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, bila haya, na kwenye boksi la taa tafuta alama ya TBS, shirika la viwango.

Kuhusu rangi ya mwanga: kelvini 3,000, yaani ya njano, kwa sebule na vyumba, 4,000 kwa jikoni. Ile nyeupe ya 6,500 inageuza sebule kuwa wodi, na barazani inaita wadudu wengi kuliko ya njano. Taa za rangi tatu, zinazobadilika kwa kuzima na kuwasha, sizipendi kwenye safu ndefu. Siku moja ikikosa mpigo, unabaki na nyeupe moja kati ya njano saba.

Zigawe kwenye swichi mbili au tatu, ili anayetazama taarifa ya habari asilazimike kuwasha zote.

Siku ya kufunga dari, weka futi kamba kwenye mbao, upige picha kila chumba kikionyesha waya na maungio yalipo. Nunua pia taa mbili za akiba kutoka kwenye kundi lile lile uziweke kabatini. Baada ya miaka mitatu moja ikifa, unaweza kuzunguka Kariakoo siku nzima usipate ya kipenyo kile, na tundu la milimita 90 halipokei taa ya 75.