Kufuli ya faili kwenye programu za asinkroni inazuia nini hasa

Wengi wakisikia Node.js (programu ya kuendeshea kodi ya JavaScript) inakimbiza kodi yako kwenye thredi moja, yaani mstari mmoja wa kazi, wanajua basi faili iko salama, hamna wa kugongana naye. Si kweli. Thredi ni moja sawa, ila kila ukifika kwenye await (neno la kusubiri kitu kama diski kimalize) programu inaachia nafasi kazi nyingine iingie, ndo asinkroni yenyewe, na kwenye kaupenyo hako ndo data zinapopotelea.

Chukulia duka la jumla pale Kariakoo, stoo ina magunia 40 ya mchele na hiyo namba imekaa kwenye faili ya JSON (maandishi ya data yaliyopangwa kwa mabano). Oda ya magunia 3 inaingia toka Mbagala, inasoma 40, inasubiri diski, kabla haijaandika oda ya 5 ya Tegeta nayo inasoma 40 ileile. Ya kwanza inaandika 37, ya pili inakuja kuandika 35 juu yake, wakati stoo yamebaki 32! Na hamna erori yoyote, kimyaa, mpaka bosi ahesabu magunia.

Nyingine angalau inapiga kelele. Kazi mbili zinafungua faili kwa kufuta yaliyomo kwanza, moja inaandika maandishi marefu, nyingine mafupi juu yake, mkia wa yale marefu unabaki mwishoni, JSON inakuwa na mabano ya ziada na programu inagoma kuisoma.

Sasa kufuli, yaani kazi moja ikiishika nyingine zinasubiri mpaka iachie. Python unayo asyncio.Lock tayari, Node watu wanatengeneza foleni, kila kazi inasubiri iliyo mbele yake imalize. Kosa ninaloliona sana ni kufunga sehemu ya kuandika tu, hiyo haisaidii kitu maana ile 40 ishasomwa kitambo. Funga kabla hujasoma, fungua ukishaandika.

Ila kufuli hiyo inaishi ndani ya programu moja, ukiwasha nakala mbili kwenye seva kila nakala ina kufuli yake na hazijuani kabisa. Linux kuna flock, kufuli ya mfumo wenyewe ambayo programu tofauti zinaweza kuiona, nayo ni ya hiari, programu isiyouliza inaandika tu.

Umeme ukikatika katikati ya kuandika ni ishu nyingine: andika faili ya pembeni, ita fsync (amri ya kusukuma data mpaka kwenye diski), halafu ibadilishe jina ikae juu ya ile ya zamani, hapo anayesoma anapata ya zamani nzima au mpya nzima.

Oda zikiwa nyingi mi naona bora SQLite tu, ni hifadhidata ndogo, nayo ni faili moja na haitaki seva, unaiambia punguza 5 inapiga hesabu yenyewe hukohuko, huna haja ya kuibeba ile 40 kuja nayo kwenye programu yako.