Toleo la majaribio la kompaila huria: anayejaribiwa ni nani?

Mtu anapakua kompaila huria iliyoandikwa kwamba ni toleo la majaribio, kisha anauliza kama itakoma kufanya kazi baada ya siku 30. Mwingine analalamika kwamba amepewa "beta tu", eti programu yenyewe kamili wamewekewa wanaolipa. Maswali ya namna hii yamezidi sasa, na yote yana mzizi mmoja: watu wanalichukulia toleo hilo kama kionjo cha dukani.

Maana yenyewe haina ugumu. Kompaila ni programu inayogeuza msimbo ulioandikwa na mtu uwe maelekezo ambayo mashine inaweza kuyatekeleza. Toleo lake la majaribio ni lile linalowekwa hadharani kabla halijakamilika, ili watu walitumie na kueleza lilipokosea. Likiwa changa mno huitwa alfa. Likiwa na karibu kila kilichokusudiwa, ila kasoro bado zimo, ni beta. Likibakiza kuthibitishwa tu, ni toleo tarajiwa. Basi.

Sasa tuje kwenye kinachoudhi. Kampuni ikikuruhusu kutumia programu yake wiki mbili bila malipo, programu hiyo imeshakamilika. Anayepimwa hapo ni wewe mnunuzi, kama utafungua mkoba au la. Kwa kompaila huria ni kinyume: inayopimwa ni programu, na wewe umeitwa uwe miongoni mwa wapimaji. Mwishoni hakuna cha kununua. Hakuna siku ya kukoma wala sehemu iliyofungiwa, kwa kuwa msimbo wote uko wazi tangu mwanzo, chini ya leseni huria kama ya toleo litakalofuata. Ni kama fundi cherehani anayekuvisha nguo iliyoshikizwa kwa pini aone inabana wapi; hajakupa uende nayo harusini.

Jambo hili si geni. Mwanaprogramu Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kuunda mfumo wa kompyuta ulio huria, mwaka 1983, na tarehe 22 Machi 1987 akaiweka hadharani kompaila yake ya lugha ya C, GCC, ikiwa beta yenye namba 0.9. Tangazo lake lilikuwa la kiungwana. Alieleza kwamba kompaila hiyo imeweza kujijenga yenyewe kwa usahihi, na kwamba imeijenga Emacs, programu ya kuhariri maandishi, pia, kisha akakiri kwamba huenda bado ina kasoro nyingi, akitumaini wasomaji watamtafutia. Mei mwaka huohuo likatoka toleo 1.0.

Hilo la kujijenga lina uzito kuliko linavyosikika. Hadi leo GCC hujengwa kwa awamu tatu: kompaila iliyopo kwenye mashine inaijenga mpya, hiyo mpya inajijenga yenyewe, na iliyopatikana hapo inajijenga tena. Matokeo ya awamu ya pili na ya tatu hulinganishwa, na yakitofautiana ujenzi unasimama. Ni kipimo kikali, lakini kinapima msimbo wa GCC peke yake, ulioandikwa na watu wanaoijua GCC. Ulimwengu una msimbo wa kila aina, mwingine wa miongo mingi, mwingine ulioandikwa kwa ujanja ambao hata mwandishi wake hawezi kuueleza, na huo hauwezi kupimwa ofisini kwa mtu mmoja.

Tena kosa la kompaila halifanani na kosa la programu nyingine. Ikikwama na kukuambia imekwama, shukuru. La kuogopwa ni pale inapopokea msimbo sahihi na kutoa maelekezo yasiyo sahihi bila kusema neno. Programu inajengwa vizuri, inaanza vizuri, halafu inatoa jibu la uongo, na mwandishi wake anakesha akitafuta kosa katika mistari yake ambayo haina kosa lolote. Ndiyo maana watayarishaji wa Fedora, mfumo wa kompyuta wa jamii ya Linux, hujenga upya maelfu ya vifurushi vyao vya programu kwa GCC ambayo bado haijatolewa rasmi: kasoro ionekane mapema, wakati kuirekebisha bado ni rahisi.

Kuna kosa la pili, na hili hata wataalamu wamelifanya: kuipa nakala ya maendeleo, yaani ile ambayo bado inaandikwa, heshima ya toleo rasmi. Mwaka 2000 Red Hat Linux 7, mfumo wa kompyuta wa kampuni ya Red Hat, ilitoka na kompaila iliyojiita GCC 2.96. Namba hiyo haikuwa ya toleo lolote. Lilikuwa jina la tawi la maendeleo lililokuwa likielekea 3.0. Red Hat walikuwa na hoja zao, kwa sababu toleo rasmi la wakati huo, 2.95, lilikuwa na upungufu katika lugha ya C++, nao walikuwa wameichukua nakala hiyo na kuifanyia marekebisho mengi. Hata hivyo, Oktoba mwaka huo kamati inayosimamia GCC ililazimika kutoa tamko kwamba 2.96 si toleo rasmi na halitakuwa kamwe, na kwamba msimbo wa C++ uliojengwa kwa nakala hizo hautaoana na ule wa 2.95 wala wa 3.0 inayokuja. Red Hat wenyewe waliweka pembeni kompaila ya zamani kwa jina kgcc, mahususi kwa kujengea kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo. GCC 3.0 ilitoka Juni 2001.

Tangu GCC 5, mwaka 2015, namba zimepangwa ili kuepusha utata huo. Toleo rasmi la kwanza la kila mfululizo huishia na .1, kama 5.1. Namba yenye sifuri baada ya nukta ya kwanza, mathalani 14.0, ni ya maendeleo, na hakuna siku itakayotangazwa kuwa toleo. Watengenezaji wa Rust, lugha nyingine ya programu, nao wana njia tatu zinazokwenda sambamba: ya kila usiku, ya beta, na ya imara inayotoka kila baada ya wiki sita.

Wengine watasema tofauti kati ya toleo la majaribio na toleo rasmi ni dhamana. Hapana. Soma GPL, leseni huria ya GCC: haikupi dhamana hata kwa toleo lililokomaa. Tofauti iko katika kazi iliyofanywa kabla ya kulitoa. GCC haitoki rasmi wakati kuna kasoro ya daraja la juu kabisa ambayo bado iko wazi, yaani kitu kilichokuwa kikifanya kazi katika toleo lililotangulia na sasa kimeharibika. Nakala ya maendeleo ya wiki hii haijavuka kizingiti hicho, na haikudai kuwa imekivuka.

Kwa hiyo ukiiona namba kama 15.0 kwenye mashine yako, ndugu yangu, usitangaze kwamba hiyo ndiyo GCC 15 rasmi, na usiilaumu kwa kuharibu kazi ya mteja. Sema unatumia nakala ya maendeleo ya GCC 15, utaje na tarehe yake, kwa maana nakala mbili zenye namba moja zinaweza kutofautiana sana. Ikikosea, waandikie waandaaji wake: kipande kifupi cha msimbo kinachoonyesha kosa, amri uliyoitumia, na matokeo uliyoyatarajia.