Veipu Imekwisha, Betri Bado

Veipu (sigara ya kielektroniki) ya kutumia na kutupa ikiacha kutoa moshi, mwenyewe huiona imekufa. Mara nyingi kilichokwisha ni majimaji tu, au chaji imeshuka kiasi kwamba haiwezi kuwasha koili, ule waya unaopasha moto majimaji. Betri yenyewe bado ni nzima. Ni ya lithiamu-ioni, jamii moja na ile ya simu yako, na imebakiwa na umeme wa kutosha kuunguza chumba. Mimi nashughulika na taka za kielektroniki hapa Mombasa, na kati ya vyote vinavyoingia karakanani, hivi vidude vya rangirangi ndivyo ninavyovishika kwa hadhari kubwa zaidi.

Ndani ya ganda la plastiki mna betri ya mviringo yenye unene wa milimita 13 hivi, urefu milimita 30 au 40, volti 3.7. Juu yake kuna sponji iliyolowa nikotini, imeizunguka koili. Upande wa pili kuna kitambuzi kidogo cha duara kinachohisi mtu akivuta pumzi, na nyaya mbili nyembamba, nyekundu na nyeusi, zinaunganisha yote. Nikotini hupenya ngozi, kwa hivyo sishiki veipu inayovuja bila glavu. Tena majimaji yakikifikia kitambuzi, koili inaweza kujiwasha bila mtu yeyote kuvuta.

Hatari kubwa iko ndani ya betri. Mna karatasi ya shaba na ya aluminiamu zilizopakwa kemikali na kuviringwa pamoja, na kinachozitenganisha ni utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele. Betri ikitobolewa au ikipondwa, utando unachanika, pande mbili zinagusana, joto linapanda ghafla na kiowevu cha ndani kinawaka kama petroli. Moshi wake unaweza kuwa na haidrojeni floridi, gesi inayounguza macho na mapafu.

Sasa fikiria safari ya veipu iliyotupwa Nyali au Tudor. Inaingia pipani, inapakiwa mkokoteni au lori, inagandamizwa na taka nyingine, halafu inafika jalala la Mwakirunge, ambako watu wanachambua plastiki na vyuma kwa mikono mitupu. Na mitaani kwetu tuna mazoea ya kukusanya taka jioni na kuzitia kiberiti. Betri ndani ya moto huo hulipuka na kuruka, na watoto huwa hawako mbali. Hili ndilo linalonikosesha raha kuliko yote.

Kijana mmoja wa skrepa aliniletea mfuko wa betri alizokwisha kuzichomoa kwa koleo. "Fundi, hizi nzima kabisa. Nataka nizifunge pamoja nitengeneze pawabenki." Nilimwambia, "Mwanangu, hizo usiziunganishe." Moja ina chaji, nyingine haina, ukiziunga sambamba, umeme unakimbilia ile dhaifu na kuipasha moto. Ukilehemu waya moja kwa moja kwenye betri, joto la chuma linaujeruhi ule utando. Na ukikosa sakiti ya ulinzi, hakuna cha kuizuia betri kuchajiwa kupita volti 4.2. Alikuwa na haki kuona uchungu: betri inayoweza kuchajiwa mara mamia inatupwa baada ya matumizi ya siku chache. Lakini pawabenki ya namna hiyo italazwa kando ya mto wa mtu usiku.

Wengine huzitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya bahari wakiamini chumvi itazimaliza nguvu. Chumvi hula ncha za betri kabla umeme haujatoka wote, kisha unabaki na betri yenye chaji usiyoweza kuipima na ndoo ya maji machafu ya kumwaga.

Kwa hivyo nyumbani usiifungue veipu. Ikiwa betri yake hutoka kwa mkono bila kuvunja kitu, itoe na ufunike ncha zote mbili kwa tepu ya umeme. Isiyotoka ibaki ndani ya veipu yake. Ziweke kwenye kopo lenye mchanga mkavu, kifuniko kisibane, mbali na jiko na jua, na kamwe si ndani ya gari lililoegeshwa juani. Mchanga uwe wa ujenzi, uliokaushwa. Wa ufuoni una chumvi na hunyonya unyevu. Iliyovimba au iliyobonyea ikae peke yake, nje.

Ikianza kufoka au kutoa moshi, ondokeni mwende kule upepo unakotoka, moshi usiwafikie. Watu wengi huogopa kutumia maji, lakini kwa betri hizi maji mengi ndiyo yanayosaidia, kwa sababu kinachohitajika ni kuipoza. Kizimamoto cha unga kinaweza kuzima ndimi za moto, kisha betri ikajiwasha tena.

Zikijaa kopo, zipelekwe kwa mpokeaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. WEEE Centre ya Nairobi ni miongoni mwa wanaochukua taka za kielektroniki. Usizifunge kwenye kifurushi cha basi ukanyamaza: andika wazi kwamba ni betri za lithiamu.

Kila betri ina lithiamu ya gramu 0.15 hivi, thamani isiyolipa hata mshahara wa kuichambua. Ndiyo maana siamini kwamba soko la skrepa litatatua jambo hili. Kanuni za mwaka 2024 za wajibu wa mzalishaji zinambebesha gharama anayeingiza bidhaa nchini, na hapo ndipo pa kukazia. Uingereza wamepiga marufuku veipu za kutupa tangu tarehe 1 Juni 2025; kwetu bado zinauzwa, basi anayezileta alipie kuzikusanya. Wenye maduka wanaweza kuanza wiki hii kwa kuweka kopo la mchanga kaunta na kupokea zilizokwisha. Mteja, ukinunua, muulize kopo liko wapi.