Kocha Msaidizi wa Mpira wa Vyuo Marekani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Sisi tuliokulia kwenye soka tunamjua kocha msaidizi kama mtu wa kupanga koni mazoezini na kukaa ubavuni mwa bosi wake siku ya mechi. Wengi wetu huendelea kuibeba picha hiyo tunapoanza kuufuatilia mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mpira uliochongoka, hasa unaochezwa na vyuo vikuu. Huko picha hiyo inapotosha, na inawanyima heshima watu ambao ndio hasa walimu wa mchezo huo.

"Yupo kumsaidia tu kocha mkuu."

Timu ya chuo kikubwa ina wachezaji wapatao 100. Wanaoshambulia hawazuii, na wanaozuia hawashambulii, na kuna kikosi kingine cha mipira ya mateke. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuwafundisha wote. Kwa hiyo kila kundi lina mwalimu wake: mmoja wa makwotabeki, yaani warusha pasi wanaoongoza mashambulizi, mmoja wa wapokea pasi, mmoja wa yale majitu ya mstari wa mbele, na kadhalika. Juu yao wapo waratibu wawili, wa mashambulizi na wa ulinzi, na katika timu nyingi wao ndio wanaochagua mbinu kila mpira unapoanzishwa. Kijana anaweza kukaa chuoni miaka minne, na saa nyingi za masomo yake ya mpira akawa chini ya msaidizi, si chini ya yule anayehojiwa kwenye televisheni.

Tangu 2024, vyuo vya daraja la juu vinaruhusiwa kuweka redio ndani ya helmeti ya mchezaji mmoja wa kila upande. Mawasiliano hukatwa zinapobaki sekunde 15 kwenye saa inayohesabu muda wa kuanzisha mpira. Mara nyingi sauti inayozungumza na kijana huyo katika kelele za watu 80,000 ni ya kocha msaidizi, na pengine yuko ghorofani nyuma ya kioo, akiutazama uwanja wote kwa juu.

"Anafanya kazi Jumamosi, siku nyingine anapumzika."

Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zinamwekea mchezaji ukomo wa saa 20 za mazoezi na mechi kwa wiki wakati wa msimu. Kocha hana ukomo. Jumapili anapitia video ya mechi ya jana, na kabla ya jioni ameshafungua za mpinzani ajaye.

Halafu kuna kusaka vipaji, na hapa ndipo pengo kati ya wanachodhani watazamaji na hali halisi ni pana kuliko popote. Msaidizi hukabidhiwa eneo, tuseme kusini mwa Florida au Texas ya mashariki, akalifahamu kama shamba la babake: walimu wa sekondari, majina ya vijana, nani mwenye sauti katika familia. Yeye ndiye anayeketi sebuleni kwa mama wa mchezaji na kumwahidi kwamba mwanawe atatunzwa. Tangu 2018 kumekuwa na mfumo wa kidijitali wa kusajili wanaotaka kuhama chuo, na tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Maana yake, kijana uliyemshawishi miaka miwili unaweza kulazimika kumshawishi tena kila mwaka ili asiondoke.

"Wote ni matajiri."

Wapo. Mwaka 2018 Dave Aranda, mratibu wa ulinzi wa LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, alipewa mkataba wa miaka minne wenye thamani ya dola milioni 10, naye hakuwa kocha mkuu. Lakini NCAA ina zaidi ya vyuo 600 vyenye timu za mpira huu, na mikataba ya namna hiyo iko kwenye vyuo vichache sana. Wengi huingia kama wasaidizi wanafunzi: unasoma shahada ya uzamili, unalipiwa ada, unapewa posho ndogo, na unakata video mpaka usiku wa manane. Kwenye vyuo vidogo wapo makocha wanaoongeza kazi nyingine ili kodi ya nyumba ipatikane.

"Ukifanya kazi vizuri, hufukuzwi."

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Ajira ya msaidizi imefungwa kwenye ajira ya mtu mwingine. Kocha mkuu akitimuliwa, benchi zima la ufundi hukaa roho juu, kwa sababu mrithi wa mikoba kwa kawaida huja na watu wake. Watoto wanahamishwa shule, nyumba inauzwa, na safari inaanza upya katika jimbo lingine.

Kocha Dabo Swinney aliyaonja hayo. Alikuwa msaidizi Alabama, chuo alichochezea, mpaka kocha mkuu Mike DuBose alipoondoka baada ya msimu mbaya wa 2000. Kibarua cha Swinney kikaota nyasi pamoja na cha wenzake. Miaka miwili akafanya kazi katika kampuni ya majengo ya biashara, mbali na uwanja. Mwaka 2003 Tommy Bowden, aliyemfahamu tangu Alabama, akamchukua chuo cha Clemson kufundisha wapokea pasi. Oktoba 2008 Bowden naye akaondoka katikati ya msimu, na uongozi ukamkabidhi Swinney timu kwa muda, ingawa hajawahi kuwa mratibu hata siku moja. Akaiongoza Clemson kutwaa ubingwa wa taifa katika msimu wa 2016, kisha wa 2018. Watu humtaja kama mfano wa subira. Mimi naona pia jinsi alivyokaribia kupotea kabisa kwa kosa lisilo lake.

"Lazima uwe ulikuwa nyota."

Hapana. Kocha Mike Leach hakuwahi kuchezea timu ya chuo. Alihitimu sheria, akaiweka kando, akazunguka kwenye vyuo vidogo na hata Finland, kisha akawa mmoja wa walioeneza mchezo wa pasi nyingi unaoonekana leo kila mahali.

"Mwenye uwezo hupanda ngazi."

Charlie Strong alianza kama msaidizi mwanafunzi Florida mwaka 1983. Mwaka 1999, akiwa South Carolina, alikuwa mratibu wa kwanza Mweusi katika SEC, ligi ya vyuo vya kusini mashariki. Baadaye akarudi Florida, na ulinzi wake ulishiriki katika ubingwa wa chuo hicho wa misimu ya 2006 na 2008. Hata hivyo alisubiri hadi Desemba 2009, akiwa na miaka 49, ndipo Louisville ikampa timu yake mwenyewe. SEC, ligi iliyoanza miaka ya 1930, haikuwa na kocha mkuu Mweusi hadi Mississippi State ilipomwajiri Sylvester Croom mwishoni mwa 2003. Wakati huo, wachezaji Weusi walikuwa wamejaa viwanjani kwa miongo kadhaa. Hesabu hiyo haielezeki kwa uwezo.

Na wapo ambao hawakuitamani ngazi yenyewe. Mickey Andrews alisimamia ulinzi wa Florida State kuanzia 1984 hadi 2009, akawa mtu wa kwanza kupokea tuzo ya Broyles, ya msaidizi bora wa mwaka, ilipoanzishwa 1996. Bud Foster alifika Virginia Tech mwaka 1987 pamoja na kocha mkuu Frank Beamer, na kwa miaka mingi wachezaji wake wa ulinzi walitembea na kikopo cha chuma cha chakula cha mchana, kama cha mchimba makaa, kuwa alama ya kazi yao. Beamer alipostaafu baada ya msimu wa 2015, kocha mpya, Justin Fuente, alifanya jambo la nadra: akamwacha Foster mahali pake. Foster akaaga kwa hiari yake mwaka 2019, msimu wake wa 33 pale. Mechi yake ya mwisho nyumbani ilikuwa Novemba 23, dhidi ya Pittsburgh. Virginia Tech ilishinda 28 kwa 0.