Je, wajua kwa nini wanafunzi 300 huelewa fizikia zaidi wakiachwa wabishane?

Lori la tani 10 limegongana uso kwa uso na bajaji ya kilo 500. Chombo kipi kimekisukuma kingine kwa kani kubwa zaidi? Uliza hivyo kwenye ukumbi uliojaa, wengi watajibu lori, hata walioikariri neno kwa neno kanuni ya tatu ya Newton, isemayo kila kani hujibiwa na kani sawa ya upande wa pili. Kani ni sawa. Bajaji hurushwa nyuma kwa kuwa ni nyepesi mara 20, na kani ileile huipa mchapuko, yaani badiliko la kasi, mkubwa mara 20.

Kuliandika jibu hilo ubaoni hakutoshi. Mwanafizikia Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliona wanafunzi wake ni hodari wa kukokotoa, ila dhana zinawashinda. Mwaka 1991 akaanza kuukatisha mhadhara kwa maswali.

Swali huwa la kuchagua, A hadi D. Kwanza dakika moja au mbili za kimya, kila mtu na kichwa chake, kisha kura. Mashine za kupigia kura si lazima. Karatasi ya A4 iliyokunjwa robo nne, kila robo na herufi yake, inatosha, mradi mwanafunzi aishike kifuani jirani asiione. Kunyoosha mikono hakufai, maana watu huangalia kwanza wenzao wamejibu nini.

Usitoe jibu. Kama waliopatia hawafiki asilimia 30, rudia somo: hawana cha kubishania. Wakizidi 70, eleza kidogo uendelee. Wakiwa katikati, kila mmoja amtafute jirani mwenye jibu tofauti amshawishi, dakika mbili hadi nne, halafu wapige kura upya.

“Lori ni zito, lazima lisukume zaidi.”

“Zito ndiyo, lakini unachanganya kani na matokeo yake.”

Aliyeelewa sasa hivi bado anakumbuka alipokwama. Mhadhiri alishasahau zamani. Ndiyo maana maneno ya jirani huingia.

Kosa kubwa ni kuonyesha matokeo ya kura ya kwanza kabla ya mjadala. Ubishi hufa papo hapo, wote wakahamia upande wa wengi. Pia usimalize bila kueleza, kwani wapo waliopatia kwa kubahatisha.

Mwaka 1998 mwanafizikia Mmarekani Richard Hake alilinganisha kozi 62 zenye wanafunzi 6,542. Kati ya yale ambayo hawakuyajua mwanzoni, wa mihadhara ya kawaida walipata wastani wa asilimia 23, walioshirikishwa darasani, kwa mijadala na mbinu kama hizo, 48. Hata hivyo, utafiti wa Harvard wa 2019 ulionyesha kuwa wanaoshirikishwa hujihisi wamejifunza kidogo, ingawa majaribio yanasema kinyume. Waelezwe hilo kipindi cha kwanza kabisa, kabla malalamiko hayajaanza.