Kuchana: sauti inapogeuka ngoma

Kuchana, yaani kurap, ni kutamka maneno juu ya biti (mdundo wa ala), mkazo wa neno ukitua pale pigo linapotua. Anayesema "huyo haimbi, anaongea tu" anatafuta sauti inayopanda na kushuka. Akiikosa, anaona muziki haupo. Kwa kipimo hicho hata ngoma si muziki.

Chukua biti ya mapigo 90 kwa dakika, kasi ya kawaida kabisa ya hip-hop. Baa moja ina mapigo manne, kila pigo hugawika mara nne: nafasi 16. Waliosoma ushairi shuleni wataitambua namba hiyo, ni mizani ya mshororo, nane kwa nane. Jaribu huu, silabi moja kila nafasi:

Natoka Kijenge Juu, narudi na njaa kuu.

Snea, ile ngoma yenye mlio mkali wa "ka", hupiga pigo la pili na la nne, yaani nafasi ya 5 na ya 13. Hesabu kwa vidole: hapo zimekaa "je" ya Kijenge na "nja" ya njaa, zote silabi za mkazo. Sasa sema "Nimetoka Kijenge Juu". Silabi moja tu imeongezeka, lakini snea inaangukia "ki" na mstari mzima unapinda. Chipukizi wengi hukwama hapa: mashairi mazuri daftarini, ila hayajahesabiwa.

Halafu pumzi. Baa 16 kwa kasi hiyo ni kama sekunde 43. Ukijaza kila nafasi utaanza kuhema kabla hujafika nusu. Mzoefu huacha nafasi mbili tatu tupu mwishoni mwa baa, na ukimya huo nao ni mdundo.

Vina vya Kiswahili ni mtego, maana vitenzi vyetu vingi huishia na a. "Shuka" na "weka" vinatosha kwenye shairi. Kwa mchanaji ni vyepesi. "Shuka" na "vuka" ndivyo vinavyogonga, kwa kuwa vinalingana kuanzia irabu ya silabi ya mkazo.

X Plastaz wa Arusha waliweka kuchana na uimbaji wa Kimaasai pamoja kwenye albamu yao ya 2004, wala havikugombana. Mwaka 2018 tuzo ya Pulitzer ya muziki, ya Marekani, ilikwenda kwa mchanaji, Kendrick Lamar.

Ukitaka kumpima mchanaji yeyote wa Chuga, yaani Arusha, zima biti, mpigie makofi kwenye pigo la pili na la nne tu. Asiyehesabu atakukimbia au utamwacha nyuma kabla ya baa ya nne.