Adabu ya Barua ya Kiingereza Haikai Kwenye “Kindly”

Barua za kikazi zinazoletwa kusahihishwa zina ugonjwa mmoja, na utetezi wake ni ule ule kila mara: “Nikiandika Kiingereza chepesi nitaonekana sina adabu.” Hapana. Imani hii inaharibu barua nyingi kuliko makosa ya sarufi, na kuijibu kwa mtu mmoja mmoja kumenichosha.

Isome hii polepole:

“I humbly wish to bring to your kind attention that your esteemed office has not yet effected payment of our invoice. Kindly do the needful at your earliest convenience.”

Maneno 29. Sarufi haina kosa. Lakini anayeipokea hajui ni ankara ipi, ilipaswa kulipwa lini, wala afanye nini sasa. “Do the needful” inamtaka akisie. “At your earliest convenience” haina tarehe, kwa hiyo amepewa ruhusa ya kuiweka kando hadi mwezi ujao. Mwandishi amejinyenyekeza kwelikweli, kisha amemwachia mwenzake kazi yote ya kupekua mafaili. Adabu iko wapi hapo?

Linganisha na hii:

“Invoice 214, dated 3 March, was due on 2 April, and we have not yet received payment. Could you let me know by Friday 11 April when we can expect it?”

Maneno 31, kwa hiyo tatizo halikuwa urefu. Hapa kila neno lina kazi. Halafu tazama “we have not yet received”: inaeleza hali ilivyo upande wako. “You have not paid” inamnyooshea mtu kidole, na huenda alishalipa na pesa bado ziko njiani.

Kiini cha mambo ni hiyo “could you”. Kiswahili kinabeba upole ndani ya kitenzi chenyewe: “nitumie”, “naomba unitumie”. Ukiihamisha neno kwa neno unapata “send me”, ambayo ni amri kavu, au “I am requesting you to send me”, ambayo inasomeka kama hati ya madai. Mwandishi anahisi kuna kitu kimepungua, na anahisi sawasawa, ila anaziba pengo kwa “humbly” na “esteemed”. Kiingereza kinaweka upole kwenye kitenzi kisaidizi na umbo la swali. “Could you send…?” inatosha kwa mambo ya kila siku. “I would be grateful if you could send…” ni kwa jambo litakalomchukulia muda. “Would it be possible to…?” ni pale ambapo ana haki ya kukataa. Usizirundike zote tatu kumdai mtu kitu ambacho ni wajibu wake. Ataelewa kwamba hata wewe huna hakika kama unakidai.

Sasa “kindly” yenyewe. Afrika Mashariki na India ni neno la kawaida kabisa la ofisini, na barua inayozunguka huko sioni sababu ya kulifuta. Lakini kwa msomaji wa Uingereza au Marekani mara nyingi linasikika kama sauti ya mtu aliyeanza kukosa subira. Neno ulilolitia kulainisha ombi linafika kama karipio! Tumia “please”, ukikumbuka kwamba “please send” bado ni amri, ila imevaa vizuri. “Revert” nayo ina shida hiyo hiyo: wengi wanaisoma kama kurudia hali ya zamani. Andika “reply”.

Haya mengine ni ya kukariri tu. “Discuss” haifuatwi na “about”. “Request” ikiwa kitenzi haitaki “for”; ikiwa nomino, inaitaka. “Information”, “equipment” na “advice” hazipokei “s”. “Advise” ni kitenzi, “advice” ni nomino. Ni “I look forward to hearing”, si “to hear”, kwa sababu “to” hapo ni kihusishi. “Mr” hukaa mbele ya jina la ukoo, si jina la kwanza.

Vitabu vingi vinasema epuka kauli ya kutendwa. Siafiki moja kwa moja. “The attachment was missing” ni ya kiungwana kuliko “You forgot the attachment”, na hakuna kilichofichwa. Pia kuna kanuni ya Waingereza: “Dear Sir or Madam” hufungwa kwa “Yours faithfully”, na ukimtaja mtu kwa jina unafunga kwa “Yours sincerely”. Kwa barua rasmi naifuata. Kwa barua pepe nina mashaka kama ina uzito tena. “Kind regards” inafaa pote.

Tarehe, kwa upande mwingine, siilegezei. 03/04/2025 ni tarehe 3 Aprili kwa Mwingereza na tarehe 4 Machi kwa Mmarekani: siku 30 za ubishi juu ya ankara moja. Andika mwezi kwa herufi, 3 April 2025.